Printa Ndiyo Iliyoamua

Windows Vista ilipofika Mwenge, Dar es Salaam, Windows XP ilikuwa imeshazoeleka hata watu wengi hawakujua kuwa ina jina. Kwao hiyo ndiyo ilikuwa kompyuta: kilima cha kijani, mawingu meupe, na kitufe cha kuanzia pale chini kushoto. Kilima chenyewe ni cha kweli, kiko California, na Charles O'Rear alikipiga picha mwaka 1996. Wateja wetu hawakukubali. Waliapa kuwa kimechorwa.

XP ilitoka Oktoba 2001, Vista ikaingia madukani Januari 2007. Kwa mambo ya kompyuta, hiyo ni zaidi ya miaka mitano ya kuzoea kitu kimoja. Shangazi yangu alikuwa na duka la steshenari, tukichapa, tukitoa kopi, tukibaindi na kupiga picha za pasipoti. Waliotuweka mjini hasa ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walishuka kutoka Mlimani na ripoti ya utafiti kwenye flashi, na kila mmoja anakwambia mwisho wa kukusanya ni kesho saa nne.

Mwaka 2008 Shangazi akaniita. "Baba, hii mashine imechoka. Twende Kariakoo."

Tukarudi na mashine mpya yenye Vista Business na memori ya GB 1. Tulipoiwasha watu waliacha foleni wakaja kuangalia. Madirisha yalikuwa yanang'aa, kingo zake unaona hadi kilicho nyuma. Uzuri huo sikuwahi kuubishia, wala leo siubishii.

Shida ilianza kwenye kazi. Taa ya diski ilikuwa haizimi. Umeshamaliza kuwasha, umefungua Word, yenyewe bado inahangaika na mambo yake ya ndani. Ukitaka kuweka programu au kubadili kitu kidogo tu, kioo kinafifia, linatokea swali: unaruhusu? Shangazi alivumilia siku za mwanzo, kisha akasema, "Mbona inanihoji kama afisa uhamiaji? Mashine si nimenunua mimi?"

Hayo yote tungeyazoea. Kilichotushinda ni printa. Tulikuwa na printa ya leza ya miaka mingi, tona yake inapatikana kwa bei ya kawaida, na ndiyo iliyokuwa inalipa kodi ya pango. Tuliichomeka kwenye mashine mpya, Vista ikaiona, ikasema haina draiva yake. Kutafuta draiva kwenye intaneti ya wakati ule, iliyokuwa ikipita kwenye setilaiti, ni kukaa ukitazama mstari usiosogea. Na tulipoufikia ukurasa wa waliotengeneza printa, draiva ya Vista haikuwepo. Ya XP ilikuwepo.

Hapo mjadala ukahamia barazani. Fundi wetu wa Kariakoo alisema tupige XP, yaishe. Kijana mmoja aliyekuwa akisomea kompyuta pale Mlimani akapinga kwa hoja nzito. Alisema kwenye XP kila anayekaa kwenye kiti ni bosi, kwa hiyo kirusi kikiingia nacho kinakuwa bosi. Lile swali linalomuudhi Shangazi ndilo linalokizuia. Alisema kweli. Fundi naye alisema kweli. Shangazi aliwasikiliza wote, akauliza swali moja: "Ipi kati ya hizo inatoa karatasi?"

Watu wengi hawakujua kuwa leseni ya Vista Business ilimpa mwenyewe haki ya kushuka hadi XP Professional. Kwa hiyo hatukuiba chochote. Lakini kushuka nako kulikuwa na kazi yake. Fundi aliweka CD, ikasoma vizuri, halafu kioo chote kikawa cha bluu na maandishi meupe. Akarudia, bluu tena. XP ni ya 2001, na diski za mashine mpya zilikuwa zinaongea kwa utaratibu ambao CD ile haikuujua. Fundi akaingia kwenye BIOS, akatafuta mahali palipoandikwa AHCI, akageuza kuwa IDE, akahifadhi, akawasha upya. Ikakubali. Draiva ya sauti hatukuipata kabisa, mashine ikawa bubu. Shangazi akasema sauti ya nini, hapa si disko.

Printa ikaanza kutema karatasi jioni ileile. Na kwa jinsi umeme ulivyokuwa ukikatika, mfumo unaowaka haraka ulikuwa na thamani ambayo matangazo hayaitaji: mteja anakusubiri amesimama, na jirani yako naye ana printa.

Ila yule kijana wa Mlimani hakusema bure. Mwishoni mwa 2008 ndipo kirusi cha Conficker kilipoanza kusambaa duniani, na kiraka cha kuziba tundu lililotumiwa kilikuwa kimetolewa Oktoba 23 mwaka huohuo. Kiraka kukitoa ni jambo moja, kukifikisha Mwenge ni jingine. Na flashi za wanafunzi zilibeba kila aina ya virusi. Unachomeka tu, XP inaifungua yenyewe, umekwisha. Mafaili ya mwanafunzi yanafichwa, anaona flashi tupu, anaanza kutokwa jasho. Nilikuwa nafungua lile dirisha jeusi, naandika amri ya attrib na herufi zake, naenta, mafaili yanarudi moja baada ya jingine. Wengine walitaka kunikumbatia. Hatukuwatoza hela kwa hilo, Shangazi alikataa.

Mwaka 2009 mambo yaligeuka haraka. Julai mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi, na Oktoba ikatoka Windows 7. Watu wakaisifia kana kwamba Vista haikuhusika, wakati kwa ndani hizi mbili ni ndugu: draiva nyingi zilizoandikwa kwa kuchelewa kwa ajili ya Vista ndizo zilizoifanya 7 ionekane imekamilika, na memori nayo ilikuwa imeshuka bei. Vista ililipa madeni, 7 ikala sifa. Sisi tulihamia 7 taratibu, tukaanza na printa mpya kisha mashine.

XP ilipoachwa rasmi Aprili 8, 2014, mashine ya Shangazi bado ilikuwa kwenye kona, haina waya wa intaneti, inaendesha ile printa ya zamani peke yake. Kwa kazi hiyo haikuhitaji zaidi.

Tangu Oktoba 2025 Windows 10 nayo imefikishwa palepale, na wenye maduka wanauliza tena. Kabla hujapiga Windows mpya, hakikisha draiva ya printa yako unayo mkononi. Na ukiamua kubaki na ya zamani, ing'oe kwenye intaneti, na flashi ya mteja isiiguse.