Kuita Koyote Kansas, Kuita Mlembe Unyamwezini

Ikifika Januari na theluji haijaanguka, majirani zangu hapa Kansas huanza kunung'unika, na si wakulima wa ngano peke yao. Wawindaji wa koyote nao hunung'unika. Koyote ni mnyama wa jamii ya mbwa, mkubwa kuliko mbweha wetu, na siku hizi yuko katika majimbo yote ya Marekani isipokuwa Hawaii. Wafugaji wa vilima vya Flint Hills hawampendi kwa sababu ya ndama, maana ng'ombe wengi huzaa kipupwe kikielekea ukingoni. Sheria ya jimbo inaruhusu awindwe mwaka mzima, mradi mtu awe na leseni ya uwindaji.

Kilichonivutia ni kwamba hawamfukuzi, wanamwita. Mwindaji hujificha kwenye majani, akapuliza kifaa kidogo mdomoni au akawasha spika kwa rimoti, na hapo hutoka kilio cha sungura aliyejeruhiwa. Koyote husikia chakula cha bure, akaja. Katika Januari na Februari, msimu wa kupandana, wengine huacha kilio cha sungura na kuiga mlio wa koyote mwenzake, wa jike au wa dume aliyevamia eneo la wenzake.

Theluji ikiwepo kazi ni nyepesi. Nyayo zinaonekana, mnyama mwenyewe anaonekana toka mbali, na njaa inamsukuma kwa kuwa panya wamefunikwa chini. Pasipo theluji mambo hugeuka. Majani ya kipupwe yana rangi ileile ya manyoya yake, anaweza kukukaribia hatua chache usimwone. Panya na sungura wapo tele, kwa hiyo hana haraka. Nawe ukitembea, kila jani kavu linapiga kelele chini ya kiatu.

Ndiyo maana wazee wa huku hufanya kazi kubwa kabla ya kuita. Jioni husimama kando ya barabara ya vumbi wakasikiliza koyote wanalia upande gani. Asubuhi huangalia vumbi, matope ya vijito, na kinyesi chenye manyoya ndani. Huingia porini kimyakimya kabla hapajapambazuka vizuri, wakakaa jua likiwa mgongoni. Halafu kuna upepo, ambao kwao ni nusu ya uwindaji wote. Koyote haji moja kwa moja kwenye sauti. Anazunguka hadi upande ambako upepo utamletea harufu ya mwitaji, ahakikishe kwanza. Mwindaji hodari huiweka spika mbali na alipokaa, macho yake akayaelekeza upande huo wa kuzungukia. Akikosea upepo, kila alichofanya tangu jana yake kimepotea.

Mimi ni mtoto wa Lusu, wilaya ya Nzega, na sijawahi kuona theluji nyumbani wala hatutaiona. Kiangazi kinapokolea, majani yanakuwa ya manjano, udongo wa mbugani unapasuka, na mtoto anayechunga hujifunza kusoma vumbi kabla ya kusoma darasani: huyu ni fisi, huyu ni mbwa wa jirani, huyu alipita usiku kabla ya umande. Kile ambacho mwindaji wa Kansas hukiona kuwa shida ya mwaka mbaya ndiyo hali yetu ya kila mwaka. Lakini sikukua nikisikia mtu anamwita mbweha. Mbweha akizoea kuku, hufukuzwa kwa mbwa na makelele, basi.

Tunayemwita sisi ni ndege. Anaitwa mlembe, wengi humwita ndege wa asali, na ukienda kusini kwetu, kwenye misitu ya miombo ya Sikonge kuelekea mto Ugalla, warina asali wanamjua kama wanavyomjua jirani. Ni ndege mdogo wa rangi ya kijivu na hudhurungi, mwenye weupe pembeni mwa mkia unaoonekana akiruka. Sauti yake ni kama kiberiti kinachotikiswa. Anajua nyuki walipo lakini hawezi kuupasua mti, na masega yenye nyuki ndani ni hatari kwake. Binadamu ana shoka na moshi, ila hajui mti ni upi. Baba yangu mdogo, aliyehamia huko kufuga nyuki, alikuwa akiingia porini anapiga mluzi na kugonga miti kwa ubapa wa shoka. Hakujificha hata kidogo. Alitaka kusikika, aonekane, ijulikane kwamba mrina asali amefika na ana zana zake. Ndege akitokea, anaruka mti hadi mti huku akiita, mtu anafuata na kumjibu.

Watafiti wamelipima jambo hili. Claire Spottiswoode na wenzake walichapisha mwaka 2016 matokeo yao kutoka Niassa, Msumbiji, kwa Wayao wanaomwita ndege huyu kwa mlio wao maalumu. Mlio ule ulipotumika, uwezekano wa kuongozwa na ndege ulipanda kutoka asilimia 33 hadi 66, na uwezekano wa kufikishwa kwenye nyuki ukapanda kutoka asilimia 16 hadi 54. Mwaka 2023 yeye na Brian Wood wakalinganisha Wayao na Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, ambao humwita kwa mluzi. Kwa Wahadzabe, ndege aliitikia mluzi wa kwao zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Kiyao. Kule Niassa ikawa kinyume chake. Maana yake ndege hujifunza wito wa watu wa eneo lake. Nikisoma hayo nawawaza wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea na pembe kutoka Tabora hadi Bagamoyo, miezi wakipita nchi za watu. Huenda walisikia pori likiitwa kwa namna tofauti kila walipopiga kambi.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya huku na nyumbani, nayo ni kubwa kuliko theluji. Wito wa Kansas ni uongo, tena wawindaji wenyewe wanajua gharama yake. Koyote aliyeitwa, akanusa mtu, akatoroka, huwa mgumu mno kuitwa tena kwa sauti ileile. Kadiri shamba linavyowindwa vibaya, ndivyo linavyojaa koyote waliokwisha kuerevuka. Wito wa mrina asali ni ahadi: mimi nitapasua, wewe utakula nta. Baba mdogo alikuwa akiacha kipande cha sega juu ya jani, mahali peupe, na kwetu husemwa kwamba ukimnyima, siku nyingine atakupeleka kwa chui au nyoka. Sidai kwamba ndege hulipiza kisasi. Wahadzabe wenyewe mara nyingi hufukia au kuchoma masega yanayobaki ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza, na bado anakuja, kwa sababu haachi kupata makombo. Hata hivyo, mimi nasimama na waachao nta. Aliyekufanyia kazi alipwe.

Simlaumu mfugaji wa Kansas. Anayelinda ndama wake ana haki, na uvumilivu wake wa kukaa kimya kwenye baridi nauheshimu sana. Huku ujuzi huo unatunzwa: kuna vitabu, kuna video, kuna vifaa dukani, baba anamfundisha mwanawe. Wetu hauandikwi. Asali ya Tabora imekuwa biashara ya mizinga, jambo jema kabisa, lakini mwenye mizinga hahitaji ndege. Miombo inakatwa kwa mkaa na tumbaku. Lusu inajulikana kwa dhahabu, na kijana mwenye nguvu huenda shimoni, haendi porini na mjomba wake. Na kama ndege hujifunza wito kutoka kwa watu, basi watu wakinyamaza kizazi kimoja, hata atakayetaka kuanza upya hatakuwa na wa kumwitikia.

Kwa hiyo nakuomba wewe uliye Sikonge, Uyui, Kaliua au Nzega: kama una babu au mjomba anayerina asali, nenda naye msimu huu. Rekodi mluzi wake kwa simu, mwulize alifundishwa na nani na ndege wa upande wake hupenda miti gani. Jifunze mwenyewe kuupiga. Na mlembe akikufikisha kwenye nyuki, mwachie nta yake kabla hujaondoka.