JUA LISILOTUA: UKIPANDA MELI YA KWENDA KWENYE BARAFU, SWALA UTAIWEKAJE?



Ndugu yangu Muislamu, kila ukikaribia msimu wa joto wa Ulaya naletewa swali hili: "Sheikh, kuna safari ya meli kwenda Aktiki kutazama barafu na wanyama. Inafaa? Na nitaswali vipi mahali jua halizami?"

Nimeona leo nijibu kwa urefu, kwa kuwa safari hiyo nimeiona kwa macho yangu. Ndugu zetu wa Norwei walinialika kwa darsa, kisha mwenyeji wangu, mzee wa Kimombasa aliyehamia huko ujanani, akanichukua kwa siku tano hadi visiwa vya Svalbard. Mji wake mkubwa, Longyearbyen, uko nyuzi 78 kaskazini. Kuanzia takriban tarehe 20 Aprili hadi 23 Agosti, jua huko halizami kabisa. Mwishoni mwa Oktoba linatoweka, halionekani tena mpaka katikati ya Februari.

Sikiliza utakachokiona. Meli inakaribia ukuta wa barafu uliotokana na theluji iliyoshindiliana karne kwa karne. Unasikia mngurumo kama radi, kumbe ni kipande kimemeguka na kuanguka baharini. Vipande vinaelea, vingine vikubwa kama nyumba, na sehemu kubwa ya kila kimoja, kama tisa ya kumi, imezama chini ya maji. Barafu ile imo ndani ya bahari ya chumvi, lakini yenyewe ni maji matamu!

Mkishuka pwani kwa boti za mpira, kiongozi hutangulia na bunduki kwa tahadhari ya dubu mweupe. Manyoya ya dubu huyo unayaona meupe, kumbe ngozi iliyo chini yake ni nyeusi. Na juu yako anapita membe wa Aktiki, ndege mdogo ambaye kila mwaka husafiri mpaka upande wa kusini kabisa wa dunia, kisha akarudi. Nani aliyemfundisha njia? Subhanallah. Allah ametuamrisha tutembee katika ardhi tutazame alivyoanzisha uumbaji. Basi kutazama kwenyewe ni ibada, kwa mwenye moyo.

Sasa tuje kwenye Swala, maana hapo ndipo penye mtihani.

Sisi watu wa pwani tumelelewa na jua. Likipinduka tunajua ni Adhuhuri, likizama tunajua ni Magharibi. Kule, saa sita za usiku, nilisimama juu ya meli jua likiniwaka usoni. Hakuna adhana wala giza la kukukumbusha. Hata kibla kimegeuka: Zanzibar tunaelekea kaskazini, kule unaelekea kusini, ukielemea mashariki kidogo.

Yule mzee akaniambia, "Sheikh, miaka yote hii mimi baridi haijanitisha. Kilichonitisha ni kiangazi. Wanangu walikuwa wakiniuliza, 'Baba, jua hilo liko juu, Magharibi gani hiyo?' Nikiwajibu vibaya, nawapoteza."

Ndugu yangu, swali la watoto wale si geni. Mwaka 921 Khalifa al-Muqtadir wa Baghdad alituma ujumbe kwa mfalme wa Wabulgari wa mto Volga, na Ahmad Ibn Fadlan alikuwamo. Anasimulia kwamba alikaa hemani na mwenzake wakingoja adhana ya Isha. Walipoisikia adhana wakatoka, kumbe alfajiri imeshaingia! Muadhini akamweleza kuwa Isha huiswali pamoja na Magharibi, kwa vile usiku wao ni mfupi mno.

Na kabla ya hapo, Mtume (s.a.w.) alipowaeleza Maswahaba kwamba katika zama za Dajjal itakuwepo siku moja ndefu kama mwaka, hawakuuliza watakula nini. Waliuliza Swala! Je, itatosha Swala ya siku moja? Akawajibu kuwa haitoshi, wakadirie nyakati zake. Hadithi hii imo katika Sahih Muslim, nayo ndiyo iliyowafungulia njia wanazuoni: asiye na machweo akadirie kwa mji wa karibu wenye usiku na mchana, na wengine wakasema kwa nyakati za Makka. Chukua mmoja katika mipango hii, uandike, ushikamane nao. Usibadilishe kila siku kwa kufuata usingizi wako.

Kisha kumbuka wewe ni msafiri. Una ruhusa ya kukusuru na kujumuisha. Maji ni baridi? Vaa khofu ukiwa na udhu, kisha upake maji juu yake kwa siku tatu na usiku wake. Dini hii ni nyepesi, wallahi.

Limebaki suala la pesa, nami sitaki kukuficha. Tiketi za meli hizi ni maelfu ya dola. Ukiwa hujahiji na unaweza kulipa kiasi hicho, basi mfuko wako umeshatoa ushahidi juu yako. Kweli, Imamu Shafi amempa nafasi mwenye azma ya kwenda baadaye. Lakini ni nani aliyekudhaminia hiyo baadaye? Na kama una deni la mtu, au mama yako nyumbani anangoja dawa, basi barafu haina haki juu yako, wao wanayo. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, anaeleza kuwa alitamani kwenda Nchi ya Giza huko kaskazini, kisha akaiacha kwa sababu tabu ilikuwa kubwa na faida ndogo. Msafiri mkubwa kama yule alipima kwanza!

Aliyetimiza haki hizo, na aende, atazame, aseme Subhanallah. Na wewe unayelea watoto huko kaskazini, wafundishe mapema: hatuliswalii jua, tunamswalia Mola wa jua. Likizama tunaswali, na lisipozama tunaswali.

Ewe Mola, wahifadhie ndugu zetu walio mbali Swala zao na watoto wao. Amin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako aliye huko.