Linakusumbua Wakati Gani?

Gari langu ni Probox, na kazi yake hapa Kibuyuni ni kubeba. Siku za bamvua, maji yakitoka, kina mama hushuka kuvuna mwani wao. Ukishakauka, magunia yanataka gari. Samaki wanalitaka mapema zaidi. Na usiku mgonjwa akizidiwa, Probox hiyo hiyo ndiyo humkimbiza hospitali ya Msambweni. Kwa hiyo injini ikianza kutetemeka, si mimi peke yangu ninayekosa usingizi.

Lilianza kutetemeka likiwa limesimama. Asubuhi, injini ikiwa baridi, lilizimika mara nilipoondoa mguu kwenye mafuta. Nikiishika barabara kuu ya Lunga Lunga, linatulia kama halina neno. Taa ya injini ikawaka, ikabaki. Kwenye gereji moja walichomeka mashine yao, ikatoa msimbo wa hitilafu P0171, nikauziwa sensa ya oksijeni. Taa ikarudi. Nikauziwa plagi. Taa ikarudi. Madereva wengi tumelelewa hivyo: ugonjwa wa gari una jina la spea, na dawa ni kuinunua.

Aliyenibadilisha hajawahi kumiliki gari. Ni mzee anayetengeneza mashine za boti. Nilimweleza kwa kirefu, naye akauliza jambo moja tu: "Mwanangu, linakusumbua wakati gani? Likisimama ama likivuta?"

Nilikuwa nimeulizwa gari ni la mwaka gani na nina pesa ngapi. Hilo la wakati halikuwahi kuulizwa.

Mzee alinifundisha kwa mashine anazozijua. Nyingi ni za mipigo miwili, na oili huchanganywa ndani ya petroli: kipimo cha kawaida kwa nyingi ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita. Mvuvi anayeipenda mashine yake huzidisha oili akiamini anailinda. Lakini tundu la kabureta ni lile lile. Oili iliyozidi inachukua nafasi ya petroli, hewa haipungui, na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Plagi inachafuka na joto linapanda, yote kwa sababu ya wema. Na anayezimikiwa na mashine kati ya Shimoni na Wasini hana kando ya barabara pa kuegesha.

Kwenye gari mizani ni ya hewa na petroli: gramu 1 ya petroli huungua sawasawa na gramu 14.7 hivi za hewa. Petroli ikizidi, mchanganyiko ni mzito, utaona moshi mweusi na plagi yenye masizi makavu. Hewa ikizidi, ni mwepesi. Kompyuta ya gari huisikiliza sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, kisha huongeza au hupunguza petroli. P0171 maana yake ni kwamba imeongeza hadi kwenye ukomo wake na bado hewa imezidi. Haisemi kwamba sensa imekufa. Sensa yangu ya zamani ilikuwa ikisema kweli, na ndiyo iliyotupwa.

Nikanunua kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya dashibodi, kinachotuma namba kwenye simu. Namba ninayoitafuta ni asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Ikicheza chini ya 10, juu au chini, kwa kawaida sina wasiwasi. Gari likiwa limesimama, ilisoma 24 juu. Kijana mmoja akanikanyagia mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, ikashuka hadi 5. Hapo ndipo nilipoelewa swali la mzee. Injini ikienda polepole inavuta hewa kidogo, kwa hiyo kukiwa na ufa kwenye mpira wa hewa, hewa inayoingia hapo kwa wizi ni sehemu kubwa. Ikikimbia, wizi ule ule hauonekani. Ingekuwa pampu ya petroli imechoka, namba ingepanda kadiri ninavyokanyaga.

Mafundi wengine hutafuta ufa kwa kupuliza kemikali inayowaka juu ya injini moto. Mimi sikubali. Tulitumia maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, mpira mmoja baada ya mwingine, tukitega sikio. Yalipogusa ule mpira mfupi unaorudisha mvuke wa oili ndani ya injini, mngurumo ukabadilika. Ulikuwa umekauka na kupasuka upande wa chini, jicho lisikofika. Bei yake haikukaribia hata kidogo bei ya sensa.

Tangu hapo sinunui kitu kabla ya namba mbili: ya kusimama na ya kuvuta. Naziandika kwenye daftari wakati gari ni zima, ili siku likiugua niwe na cha kulinganisha. Ninawaomba madereva wenzangu wafanye hivyo pia, maana abiria wetu ni jamaa zetu.

Majuzi dereva wa Majoreni alikuja na msimbo ule ule, P0171, tayari ameshatajiwa sensa. Nikamuuliza wakati gani. Akasema likiwa na mzigo. Tukapanda sote, magunia nyuma, simu mkononi mwangu: likisimama 4, akikanyaga 12, akizidi kukanyaga 21. Nikamwambia pesa ya sensa aiweke, kwanza apimiwe presha ya petroli, na pampu na chujio lake ndani ya tangi vikaguliwe.