Mnakwenda kwa Nani?

Karen, Nairobi

Magari manne yameegeshwa chini ya miti katika kambi hii ya wasafiri: mawili yana namba za Ujerumani, moja la Uholanzi, moja la Afrika Kusini. Juu ya paa kuna hema la kukunjua, nyuma kuna jiko na tangi la maji. Wenyewe ni watu wawili wawili walioacha kazi na nyumba ili waizunguke dunia bila tarehe ya kurudi. Mimi na mume wangu tumekuja kwa basi kutoka Dar es Salaam kuwasikiliza, kwa sababu mwakani nasi tunaondoka, na kwetu hatukumpata mtu aliyewahi kufanya jambo hili tukamuuliza.

Waholanzi ndio waliotueleza kwa kirefu. Waliuza nyumba, wakagawa samani, wakaandika barua za kuacha kazi. Kisha wakaenda halmashauri ya mji wao kujiondoa katika daftari la wakazi, maana kwao anayekaa nje ya nchi zaidi ya miezi minane katika mwaka hutakiwa kufanya hivyo. Ukishajiondoa, bima ya afya ya nchini nayo inakoma, ununue ya safari. Kwa ajili ya gari wana hati ya forodha inayoliruhusu kuvuka mipaka bila kutozwa ushuru, wameiwekea dhamana ya fedha kuhakikisha gari halitauzwa njiani. Yule mke, aliyekuwa muuguzi, alinieleza kwamba siku waliyofunga akaunti ya umeme na maji alilala usingizi ambao hakuwahi kuulala tangu utotoni.

Nilinakili yote. Usiku tulipokaa kulinganisha na orodha yetu, tukaona kwamba sisi tunalazimika kwenda kinyumenyume. Mholanzi anajifuta kwanza ndipo anaondoka. Mtanzania anayetaka kufika kwa huyo Mholanzi lazima kwanza aonyeshe kwamba ameshikwa na kwao barabara: barua ya mwajiri inayosema yuko likizo na atarudi kazini, taarifa za benki, hati ya nyumba au kiwanja, cheti cha ndoa, tiketi ya kurudi, na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Ada ya viza ya Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Ikitoka, unakaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Huwezi kuiomba zaidi ya miezi sita kabla ya safari, na unaiombea katika nchi unayoishi kisheria.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililoivunja ramani yetu ya kwanza. Tulikuwa tumechora mstari mmoja mrefu: kusini mwa Afrika, Asia, halafu Ulaya. Lakini mtu aliye Malaysia kwa kibali cha utalii si mkazi wa Malaysia. Ataambiwa arudi Tanzania akaombe huko. Na akirudi, hana kazi tena, hana barua ya mwajiri. Hili linaniuma. Aliyeandika masharti hayo alimwona mtu wa pasipoti yetu anayeacha kazi kuwa anahama, wala hakumfikiria Mtanzania anayetaka kuiona dunia kwa macho yake kisha arudi kwao azeeke. Mume wangu amefanya kazi ya mabomba na pampu za maji tangu ujana wake, mimi nimefundisha jiografia ya nchi ambazo sijazikanyaga. Haja yetu ni hiyo tu.

Kambini hapa kila mtu anaijua habari ya Herman na Candelaria Zapp wa Argentina. Waliondoka Januari 2000 kwa gari la Graham-Paige la mwaka 1928, nia yao kufika Alaska kwa miezi sita. Fedha ziliwaishia Ekuador, wakawa wanauza picha za ndege: Candelaria anachora, Herman anatia fremu. Kufika Alaska kuliwachukua karibu miaka minne, na hawakukomea hapo. Waliporudi Buenos Aires kuufunga mwendo wao, Machi 2022, walikuwa na watoto wanne waliozaliwa katika miaka hiyo ya safari, mmoja Marekani, mwingine Kanada, mwingine Australia. Mume wangu anawapenda kwa ajili ya gari lile. Mimi nawapenda kwa sababu hawakusubiri fedha zitoshe, na walipoishiwa walifanya kazi ya mikono bila haya.

Namanga

Kuvuka hapa ni jengo moja: afisa wa Kenya anagonga muhuri, wa Tanzania anagonga wake, hakuna ada, hakuna barua ya mwajiri. Wajerumani wawili nyuma yetu kwenye foleni walilipa dola 50 kila mmoja kuingia Tanzania. Wao hulipa dola wakapita. Sisi tukienda kwao hulipa yuro tukasubiri kuhojiwa. Ila nililiona kwa furaha jambo ambalo huwa tunalisahau, kwamba pasipoti yetu nayo ina milango yake. Zambia, Malawi, Msumbiji, Botswana, Namibia na Afrika Kusini tunaingia bila viza, na ng'ambo ya bahari Malaysia na Singapore vilevile. Ndani ya basi, kabla hatujafika Longido, tulianza kuchora ramani ya pili.

Mbezi, Dar es Salaam

Mambo ya vitu yamekwisha haraka. Nyumba hatuiuzi, tunaipangisha. Mpangaji analipa kodi ya miezi sita mbele, nayo ndiyo itakayotulisha barabarani. Kabati la vyombo limekwenda kwa wifi yangu, kuku kwa jirani. Chanjo ya homa ya manjano tumechoma. Kadi yake huanza kutambuliwa baada ya siku kumi, na tangu Julai 2016 inatosha kwa maisha yote. Mimi nimeomba likizo bila malipo badala ya kuacha kazi, ili barua ya mwajiri iwepo siku tutakapoamua kuiomba hiyo viza ya Ulaya. Laini za simu tunaziacha hai, maana benki hutuma namba za siri huko.

Watu ndio kazi.

Mimi ni mtunza hazina wa kikoba cha mtaa. Siwezi kuondoka kabla hakijavunjwa Desemba na kila mama akapata chake mkononi. Mume wangu ni mtoto wa kwanza wa kiume kwao: posa ikija anaitwa yeye, mpaka wa shamba ukigombaniwa anaitwa yeye. Ada ya shule ya watoto wawili wa marehemu dada yake inatoka kwake. Amemwita mdogo wake, wamekaa usiku kucha, na wamekubaliana kipi kinahamia kwake na kipi kitaendelea kulipwa kwa simu tukiwa popote. Kijana yule aliondoka asubuhi amenyamaza. Amebeba mzigo wa kaka yake akiwa bado hajaoa.

Kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote ni misiba. Mtaani kwetu anayezika wenzake ndiye atakayezikwa na wenzake, na hilo halina likizo. Ukikosekana msibani bila mtu wa kukuwakilisha, hata ukituma rambirambi kwa simu, inasemwa. Nimemwomba wifi yangu aketi mkekani kwa jina langu. Amekubali, lakini kwanza aliuliza na wa upande wa kwao nani atawaendea yeye akiwa kwa watu wangu. Swali la haki. Tumelipatia jibu kwa mabinti wawili wa ukoo, wa zamu.

Kule Karen nilimwuliza yule Mholanzi walilipangaje jambo la namna hii. Akanieleza kwamba wameacha wosia na bahasha kwa kaka yake, yenye maelekezo yote endapo watafia njiani. Nikamfafanulia kwamba nauliza habari za kufa kwa wengine. Akafikiri, akasema huandika kadi. Mama yake humpigia simu kila Jumapili bila kukosa, na nilimwona analia baada ya kuzungumza naye, kwa hiyo sitaandika hapa kwamba wenzetu hawapendani. Ila kwao hakuna anayeweza kuketi mahali pako, na kwetu kiti chako hakiwezi kubaki kitupu. Bahasha ile nimeiiga hata hivyo. Sisi hatukuwa tumeandika wosia wowote, na katika hilo wao wametangulia mbali.

Mama yangu tulimwambia mwishoni, kwa sababu nilimwogopa.

"Mnakwenda kwa nani?" aliuliza.

"Kutembea tu, mama."

"Anayetembea hurudi jioni, mwanangu. Nimekuuliza mnakwenda kwa nani."

Sikuwa na jibu, na mume wangu naye alitazama chini. Baadaye niliufungua mstari wetu mpya kwenye ramani na kuuangalia kwa swali lile: mji huu kwa nani, mji ule kwa nani. Lusaka yuko mtoto wa shangazi yake mume wangu, dereva wa malori ya Tunduma. Lilongwe yuko mwalimu niliyesoma naye chuo. Hapo nikausogeza mstari upite kwao, tukaacha maporomoko fulani tuliyokuwa tumeyatamani sana.

Kikao cha familia ni Jumamosi, Korogwe. Mjomba ameshapigiwa. Wifi anakuja kukabidhiwa daftari la michango mbele ya watu, na mama ameagiza aandikiwe kwa herufi kubwa majina ya nchi kwa mpangilio wake, na pembeni ya kila nchi jina la mtu mmoja na namba yake ya simu. Gaborone tumempata jana, kupitia msikiti wa mtaani. Windhoek bado tunatafuta.