Kulinda Nyuzi 26 Katika Sebule ya Nairobi

Kwa kawaida hapa tunazungumza hifadhidata, seva, na programu zinazogoma Ijumaa jioni. Leo nataka tuzungumze maji.

Sebuleni kwangu hapa Nairobi nina tangi la lita 200 la maji ya chumvi. Ndani yake mna mawe, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe (ndio, wale wa filamu ya Finding Nemo), na matumbawe laini na magumu. Matumbawe hayo niliyapata yakiwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba kutoka kwa mfugaji mwenzangu aliyeyakuza nyumbani kwake. Hakuna kilichovunjwa baharini. Naeleza mapema kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na kila mgeni. La pili ni hili: "Sasa huyu samaki wa pwani hasikii baridi hapa?"

Swali zuri kuliko anavyodhani. Maji ya bahari kwenye pwani yetu hushuka hadi kama nyuzi 25 za Selsiasi mwezi wa Agosti, na hupanda hadi 29 au hata 30 kuelekea Machi na Aprili. Mwaka mzima yanatembea ndani ya nyuzi nne au tano tu, tena polepole. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari hiyo. Usiku wa Julai hewa ya nje hufika nyuzi 12 au 11, na nyumba zetu, kama mjuavyo, hazina mfumo wa kupasha joto. Kwa hiyo kazi yangu ni kushika maji karibu na nyuzi 26 wakati sebule inacheza kati ya 16 usiku wa Julai na 29 mchana wa Februari.

Ukiwa mtu wa programu, utaona hii ni kazi ya mistari mitatu. Soma joto. Kama liko chini ya 25.6, washa hita. Kama limepita 26, zima. Pengo hilo la sehemu nne za nyuzi limewekwa kwa makusudi. Ukiambia hita iwake na izime kwenye namba ileile moja, rilei italia ka-ka-ka usiku kucha na itakufa kabla ya wakati wake. Baada ya hapo unaweza kwenda kulala.

Tatizo ni kwamba mistari hiyo mitatu inaamini kila kitu. Inaamini kwamba kihisi kinasema kweli, kwamba rilei ikiambiwa zima inazima, na kwamba stima ipo. Mimi sikuandika programu yangu nikianza na nyuzi 26. Nilianza na swali jingine: mfumo huu ukiharibika, na utaharibika, uharibikie upande gani?

Jibu ni upande wa baridi, na sababu yake ni hesabu. Tangi langu likiwa na joto la nyuzi tisa zaidi ya chumba, na hita imezimwa, hupoteza kama nusu nyuzi kwa saa mwanzoni, kisha kasi hupungua kadiri maji yanavyokaribia joto la chumba. Nimelipima zaidi ya mara moja. Kuanzia 26, chumba kikiwa 17, baada ya saa nane maji yako kwenye 23 hivi. Si jambo zuri, matumbawe hujikunja na samaki hupoa mwendo, lakini asubuhi unawakuta hai.

Upande wa joto mambo ni tofauti. Lita 200 zina ujazo mkubwa wa joto, lakini hita ya wati 300 iliyokwama ikiwa imewaka haina haraka na haina huruma. Kwa tangi langu, kila wati 12 hivi zinazowaka mfululizo huinua maji nyuzi moja juu ya joto la chumba. Gawanya 300 kwa 12. Nyuzi 25 juu ya chumba. Huo si ufugaji, hiyo ni supu. Na kukwama huku si hadithi ya kutishia watoto: viunganishi vya rilei vikichomwa na cheche kila siku vinaweza kushikana, na programu yako ikasema "zima" mpaka asubuhi bila mtu wa kuisikiliza.

Kwa hiyo nina hita mbili za wati 100, kila moja na rilei yake, badala ya moja kubwa. Zikiwaka zote mbili zinatosha usiku wa Julai. Ikikwama moja, inaweza kuongeza nyuzi nane tu juu ya chumba, na usiku wa baridi hiyo ni 25! Hita mbovu inakuwa kama msaidizi. Halafu kila hita ina kidhibiti chake cha ndani, ambacho nimekiweka kwenye 27. Kazi ya kila siku anafanya bosi wa nje, yaani programu. Kidhibiti cha ndani ni mlinzi wa usiku, hana kazi mpaka bosi apotee.

Sasa tuje kwenye kihisi, ambacho ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Natumia DS18B20, kile kidogo kinachouzwa kikiwa ndani ya mrija wa chuma na waya mrefu. Ni kizuri na bei yake ni nafuu. Mtengenezaji anaahidi kosa lisilozidi nusu nyuzi kati ya -10 na 85, na kinaweza kuonyesha mabadiliko ya hadi 0.0625. Lakini kina tabia mbili ambazo lazima uzijue. Kikiwashwa tu, kabla hakijapima chochote, namba iliyomo ndani yake ni 85. Na ukikichomoa, ile maktaba ya Arduino ambayo wengi tunaitumia inakurudishia -127.

Soma tena ile mistari mitatu ukiwa na -127 mkononi. "Kama joto liko chini ya 25.6, washa hita." Hakika liko chini! Programu itawasha hita na kuziacha zikiwaka mpaka mwisho wa dunia, nayo ikiamini inaokoa samaki waliogandishwa. Na waya kukatika mawasiliano kwenye tangi la chumvi ni jambo la kawaida kabisa, kwa sababu chumvi hupanda juu ya nyaya taratibu, huganda nyeupe kwenye kiungio, na shaba hugeuka kijani.

Ndiyo maana kabla sijatia kiumbe chochote majini, nilikaa jioni nzima na ndoo ya maji nikichomoa kihisi na kukirudisha. Sheria nilizoziweka ni hizi. Namba yoyote chini ya 10 au juu ya 40 si joto, ni habari kwamba kihisi kinaumwa. Namba inayoruka zaidi ya nyuzi moja ndani ya dakika moja haiaminiki, kwa kuwa lita 200 haziruki hivyo. Vihisi ni viwili, ncha mbili za tangi, na vikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi moja napata ujumbe kwenye simu. Na shaka yoyote, ya aina yoyote, maana yake ni hita zote zizimwe. Tuna saa kadhaa za kuamka na kutengeneza.

Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 mfumo mzima ulikutana na mtihani ambao programu haiwezi kuufanya. Saa tatu na dakika arobaini na tano hivi usiku stima ilipotea, na safari hii si mtaa wetu tu, karibu nchi nzima. Agosti, tena. Nina betri na inveta, lakini hita hazijaunganishwa humo na haziwezi kuunganishwa: hita moja ya wati 100 kwa saa 12 inakula uniti 1.2, na betri yangu ingekata roho usiku wa manane. Betri ni ya pampu ya mzunguko tu, wati 10. Watu hudhani baridi ndiyo inayoua tangi stima ikipotea, kumbe mara nyingi ni pumzi. Maji yakisimama, hewa ya oksijeni haiingii tena, na samaki hufa hata kabla maji hayajapoa sawasawa.

Basi pampu ikaendelea kunguruma gizani. Mke wangu akaleta mablanketi mawili ya wageni, tukalifunga tangi pande zote na kuacha sehemu ya juu ipumue. Saa kumi na moja alfajiri kipimajoto cha kawaida, kile cha kioo kisichohitaji stima wala programu, kilisoma 24. Huo ndio mpaka niliokuwa nimejiwekea. Tukabandika sufuria kwenye meko ya gesi. Chupa ya lita mbili iliyojaa maji ya nyuzi 70, ikifungwa vizuri na kuachwa ielee, huwapa maji ya tangi chini kidogo ya nusu nyuzi mpaka ipoe. Kwa blanketi, tangi lilikuwa likipoteza kama robo nyuzi kwa saa. Kwa hiyo chupa moja kila baada ya saa mbili ilitosha kulishika palepale. Hesabu ile niliifanya kwenye ubao wa simu kwa mwanga wa mshumaa, na sijawahi kufurahia kugawanya namba namna ile. Stima ilirudi kwetu saa tisa alasiri. Tumbawe moja lilikaa siku mbili limejikunja kama mtoto aliyekasirika, kisha likafunguka.

Mchana wa Januari na Februari shida hugeuka, na hapo Nairobi inatupendelea. Sina mashine ya kupoza maji, nina feni ndogo inayopuliza juu ya maji. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na joto la kama megajuli 2.4, kwa hiyo kuvukiza theluthi moja ya lita kunatosha kushusha tangi zima nyuzi moja. Hewa yetu kavu inayanywa maji kwa kiu. Jamaa yangu wa Mombasa ana feni kama hiyohiyo na haimsaidii sana, maana hewa ya kwao imeshashiba unyevu. Yeye imembidi anunue mashine, na bili yake ya stima asingependa niitaje. Kumbuka tu kwamba chumvi haivukizwi. Ninachorudishia ni maji matamu yaliyochujwa, wakati wa joto hata lita tatu kwa siku. Ukiacha wiki nzima, chumvi itapanda kutoka gramu 35 kwa kila kilo ya maji hadi karibu 39.

Kwa nini nijisumbue hivi na joto la nyuzi moja au mbili? Matumbawe magumu hula kwa msaada wa mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama yake. Maji yakizidi joto kwa muda, ushirika huo huvunjika, mwani hufukuzwa, na tumbawe hubaki jeupe na njaa. Mwaka 1998 sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu ilikufa hivyo, na mwaka 2024 miamba ya Kenya ilipauka tena. Wanasayansi wa NOAA ya Marekani hawatazami namba ya siku moja tu. Wanajumlisha: ni nyuzi ngapi juu ya kiwango cha kiangazi, kwa wiki ngapi, ndani ya wiki 12. Jumla ikifika 4 wanatarajia kupauka, ikifika 8 wanatarajia vifo.

Wazo hilo nimeliiba. Programu yangu sasa inahesabu nyuzi-saa juu ya 28, na inanipigia kelele zikifika 24 ndani ya wiki. Saa moja kwenye 29 si habari. Siku tano za mchana wa 29 ni habari, ingawa kila siku moja peke yake ingeonekana ya kawaida kwenye grafu. Februari iliyopita mota ya feni ilikufa, na hesabu ikafika 19 kabla sijapata nyingine.

Feni ya akiba sasa iko kabatini, kando ya yale mablanketi. Programu yenyewe nitaiweka hapa wiki ijayo, ichukue anayetaka. Ukiipata, chomoa kihisi kwanza uone inafanya nini, kabla hujatia samaki majini.