Mto Uliolala Chini ya Mchanga

Mama alifika korongoni kabla jua halijachomoza, akapiga magoti na kufukua mchanga kwa mikono. Mvua zikishakatika, mto wetu hapa Ihanja, Singida, ulibaki utepe mweupe hadi Desemba. Mgeni angeapa kwamba hapana mto. Lakini ukifukua kina cha mkono, au hadi kiunoni mwaka wa ukame, mchanga unalowa, kisha maji yanachuruzika taratibu. Ya kwanza, yaliyotibuka, mama aliyamwaga. Yaliyofuata aliyachota kwa kata mpaka ndoo ikajaa.

Taratibu zilijulikana na kila mtu. Maji ya kunywa yalifukuliwa upande wa juu, ng'ombe wakanyweshwa chini, nguo zikafuliwa chini zaidi. Jioni kisima kilizibwa kwa miiba. Haja, hata hivyo, wengi tulikwenda vichakani, na mvua ya kwanza iliusomba uchafu wote hadi korongoni. Kila mvua zilipoanza, watoto waliharisha, nasi tukadhani ndivyo mvua zilivyo.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima walikaa kwa vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, na baba akachimba choo chetu cha kwanza: shimo, magogo, udongo juu yake. Mwaka uliofuata Operesheni Vijiji, ile ya kukusanya watu vijijini, ikatusogeza karibu karibu. Vyoo vile vilikuwa vikavu. Kikijaa, kinafukiwa.

Kilichobadilisha mto ni maji, wala si idadi ya vyoo. Zilipokuja nyumba za tofali za saruji, maduka na vyumba vya kupangisha, kikaja na choo cha kumwaga maji. Shimo lilichimbwa refu, halikupigwa plasta wala sakafu, ili ardhi iyanywe majitaka. Langu lilikaa miaka mingi bila kujaa, na nilijisifu kwa jirani zangu. Sikujiuliza yalikokwenda. Jirani mmoja, lake lilipojaa, alilitapisha usiku mvua ikinyesha.

Kisha, baada ya masika moja marefu, maji ya kisima cha mchanga kilicho upande wa chini wa nyumba zetu yakatoka na povu la sabuni.

Povu lile lilinifundisha zaidi ya semina yoyote. Mchanga huchuja vijidudu iwapo maji yanapita polepole kwenye udongo usiojaa maji. Masika maji ya ardhini hupanda. Yakigusa kitako cha shimo, uchujaji hupungua sana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, shughuli za binadamu za kudumu au zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo hizo. Kwetu, nani angepima kingo za mto usioonekana? Na maji ya huku hayaendi baharini. Sehemu hii ya Singida iko kwenye Bonde la Kati: yanateremka kuelekea mbuga ya Wembere, na tunachoyatia kinabaki ndani ya bonde letu wenyewe.

Nilipofika Moshi nilikwenda kuona mabwawa ya majitaka ya Mabogini. Hakuna mtambo wa kutisha pale. Majitaka yanatulia siku kadhaa, yanahama bwawa hadi bwawa, tope linazama, jua na mwani vinafanya kazi. Niliwaza: jua hilo tunalo Singida, tena la kupindukia. Mji mdogo kama wetu hauhitaji mabomba ya majitaka kila mtaa. Unahitaji makaro ya majitaka yasiyovuja, gari la kunyonya, na mabwawa mbali na korongo.

Nimejenga karo langu, nikalipiga plasta, nikalifukia shimo la zamani. Karo linajaa, na kulinyonya ni gharama. Ninalipa.

Maji ya bomba yapo siku hizi, ila pampu ikiharibika watu hurudi mchangani. Kiangazi kilichopita ilikuwa hivyo. Nilifukua pale pale alipokuwa akifukua mama, nikanusa, nikamwaga. Nikabeba ndoo na kupanda na korongo, nikaipita nyumba ya mwisho, ndipo nikapiga magoti.