Injini ya Mwaka 1932 Yasubiwa Upya kwa Alumini

Leo naweka kando habari za seva na hifadhidata. Nataka tuzungumze injini. Msinikimbie lakini! Kabla hatujaagana tutarudi kwenye programu, na mtaona kwa nini jambo hili limekaa kichwani mwangu wiki nzima.

Huko Marekani kuna mafundi wachache ambao miaka ya karibuni wamefanya kazi ambayo mhasibu yeyote angewakataza. Wamesubu upya, kwa alumini, bloku ya injini ambayo magari ya Ford ya Marekani yaliachana nayo mwaka 1953. Si injini mpya iliyovishwa sura ya kizamani. Ni Flathead V8 ile ile, yenye matundu ya bolti pale pale yalipokuwa, ili hedi, manifoldi na vipuri vya babu wa mtu viingie bila kulazimishwa. Kilichobadilika ni kwamba chuma kimetoka na alumini imeingia.

Flathead ni nini? Katika injini nyingi za leo, vali hukaa juu, ndani ya hedi. Katika Flathead vali zimo ndani ya bloku, kando ya silinda, zikitazama juu. Hedi yenyewe ni bapa kama kifuniko cha sufuria, ina nafasi za plagi na njia za maji. Ndiyo asili ya jina lake, kichwa bapa. Mpangilio huo ulikuwa wa kawaida enzi hizo. Ajabu ilikuwa kwingine.

Ajabu ni kwamba mwaka 1932 Henry Ford alitoa gari la bei ya mwananchi wa kawaida lenye silinda nane. Kabla ya hapo V8 ilikuwa starehe ya wenye nazo. Cadillac walikuwa nayo tangu 1914. Ford alipunguza gharama kwa kusubu bloku nzima kwa mmimino mmoja, yaani safu zote mbili za silinda pamoja na makao ya krankshafti, badala ya kufunga vipande kwa bolti. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika. Ndani ya kalibu mna viini vingi vya mchanga, na kimoja kikisogea kidogo tu, ukuta wa silinda unatoka mwembamba upande mmoja na bloku inatupwa. Mwanzoni zilitupwa nyingi sana. Zilizosalimika zilikuwa na ujazo wa lita 3.6 na nguvu za farasi 65.

Baada ya Vita Kuu ya Pili magari hayo yalikuwa yamechoka na bei yake imeshuka. Vijana wa California, baadhi yao wakiwa wametoka jeshini na ufundi mikononi, waliyanunua. Wakang'oa madigadi, wakang'oa boneti, wakang'oa kila kilichozidisha uzito, kisha wakayapeleka kwenye maziwa makavu kama El Mirage kupimana kasi. Kuanzia 1949 wakaenda pia Bonneville, kule Utah, kwenye uwanda wa chumvi. Gari la namna hiyo ndilo linaloitwa hotirodi. Watu kama Vic Edelbrock wakawa wanatengeneza manifoldi na hedi za alumini za kuongeza nguvu. Kwa lugha yetu sisi wa tarakilishi, jamii ya watumiaji iliichukua bidhaa ya kampuni na kuiandikia viraka na nyongeza ambazo kampuni yenyewe haikuziota.

Lakini Flathead ilizaliwa na ugonjwa. Vali zake ziko upande wa ndani wa ile V, na mabomba ya ekzosi yako upande wa nje. Kwa hiyo moshi wa moto hauna budi kupita ndani ya bloku, katikati ya silinda, ukikatiza pale pale penye maji ya kupoza injini. Tena kila upande una silinda nne lakini milango mitatu tu ya moshi, kwa maana silinda mbili za katikati zinatumia mlango mmoja. Joto lote hilo linaingia kwenye maji. Ford aliweka pampu mbili za maji, moja kwa kila safu, na bado injini ilijulikana kwa kuchemka. Nacho chuma kikipashwa moto na kupoa miaka nenda miaka rudi, hupasuka, mara nyingi kati ya kiti cha vali na silinda. Ndiyo maana bloku ya zamani isiyo na ufa imekuwa kitu cha kutafutwa kwa tochi, na kila mwaka zinapungua.

Hapo ndipo alumini inapoleta maana. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina takriban gramu 2.7, ya chuma cha kusubu ina kama 7.2. Tena alumini hupitisha joto takriban mara tatu kushinda chuma hicho. Kwa mgonjwa ambaye tatizo lake ni joto lililokwama mwilini, hiyo ni dawa.

Ila dawa nayo ina madhara yake. Fundi yeyote wa Kirinyaga Road hapa Nairobi atakuambia hedi ya alumini inafanyaje gari likichemka: inapinda. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ni laini, na pete za pistoni zingeitafuna, kwa hiyo silinda huvishwa slivu za chuma. Pia haishiki nyuzi za bolti kama chuma kinavyozishika, na katika matoleo ya baadaye ya Flathead kila hedi inabanwa na bolti 24. Kwa hiyo huwezi kuchukua mchoro wa zamani ukamimina alumini mahali pa chuma ukaenda zako. Kuta zinaongezwa unene, mbavu za kuimarisha zinaongezwa, njia za maji zinafikiriwa upya. Nje kila tundu libaki lilipokuwa. Ndani, kazi ni ya kuanza karibu upya.

Mwanaprogramu mwenzangu, si umeshaitambua hali hiyo? Kiolesura kile kile, msimbo mwingine.

Basi nikajiuliza. Ikiwa ndani unachora upya, kwa nini usiponye ugonjwa wenyewe? Peleka vali juu, moshi utoke njia fupi, yaishe! Kumbe wazo hilo ni la zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Zora Arkus-Duntov, ambaye baadaye alipata sifa kwa kazi yake kwenye Corvette, alitengeneza pamoja na ndugu yake hedi za alumini zilizoitwa Ardun, zilizohamishia vali za Flathead juu. Nguvu iliongezeka sana. Kisha mwaka 1955 Chevrolet wakatoa V8 yao ndogo yenye vali za juu tangu kiwandani, na wana hotirodi wengi wakahamia huko.

Jibu langu ni hilo. Ukiisahihisha Flathead mpaka mwisho unafika kwenye Chevrolet ya 1955, na hiyo tayari ipo. Kwa hiyo anayesubu bloku ya alumini lazima aamue kasoro ipi ni ugonjwa na ipi ni tabia. Kupasuka ni ugonjwa, ukiondoka hakuna atakayeulilia. Njia ndefu ya moshi ni kasoro pia, lakini ndiyo inayoipa injini umbo lake, mlio wake na mahali pa kufungia ekzosi. Ukiinyoosha, umeunda kitu kingine. Hivyo njia inaachwa, na chuma kilichokuwa kikiumizwa nayo ndicho kinachobadilishwa.

Haya, sasa turudi nyumbani. Kwa miezi kadhaa mimi na mwenzangu tumekuwa tukiandika upya mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Wa zamani uliandikwa miaka ya 1990 kwa FoxPro. Aliyeuandika hapatikani, maelezo hakuacha, na mhasibu anayeujua kwa undani anastaafu Desemba. Mle ndani tulikuta jambo la ajabu: mkopo ukiingizwa leo hauwezi kuidhinishwa leo. Lazima usiku upite. Mwenzangu akasema hiyo ni hitilafu ya enzi za kufunga hesabu jioni, tuifute, wanachama wapate pesa papo hapo kwa simu. Kimsingi hoja yake ni nzuri.

Tukamwendea mhasibu. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wanangu, usiku huo mmoja ndio wadhamini hunipigia simu. Mtu ametia sahihi kwa haya mbele ya shemeji yake, akifika nyumbani anaongea na mke wake, asubuhi anajitoa. Mkiondoa usiku huo, shamba la mtu litauzwa."

Huenda kweli ilianza kama udhaifu wa FoxPro. Hilo sitalijua kamwe. Ninachojua ni kwamba watu wamejenga maisha yao juu ya kasoro ile, kama vile wengine walivyojenga manifoldi juu ya njia ya moshi iliyopinda. Tulikubaliana kuibakiza, lakini si kwa kujificha. Katika mfumo mpya ni kanuni yenye jina lake, imeandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka, na kamati ikitaka kuibadilisha siku moja itajua inabadilisha nini. Zile ripoti zilizokuwa zikiganda kila mwisho wa mwezi, hizo tumezitupa bila huruma.

Kinachonipa haraka ni ile Desemba. Bloku ya chuma hata ikipasuka unaweza kuipima na kuichora, kwa sababu umbo lake lote limebaki mezani mbele yako. Mhasibu akishaondoka na yale aliyonayo kichwani, sisi tutabaki na msimbo unaosema "kesho" bila kusema kwa nini. Kwa hiyo kila Ijumaa mchana tunakaa naye, chai na mandazi mezani, tunapitia skrini moja baada ya nyingine na kuuliza swali moja tu: hii ikitoka, nani ataumia? Mpaka sasa tumefika skrini ya kumi na saba. Zimebaki ishirini na mbili.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, naahidi. Mbaki salama.